Filamu Tano za Likizo: Ipi Uwashe Sebule Ikijaa Watoto?

Shule zikishafungwa Desemba, nyumba yangu ya Tabata huwa si ya watu wanne tena. Wanakuja wa kaka yangu kutoka Morogoro, anakuja binti wa dada kutoka Tanga na begi lake la magurudumu, na wa jirani nao hawaulizi, wanavua ndala mlangoni na kuingia. Mwaka jana nilihesabu vichwa tisa kwenye mkeka, mdogo ana miaka minne, mkubwa kumi na minne. Asubuhi wanacheza nje. Jua likishakuwa kali inakuja sauti moja: "Shangazi, tuwekee muvi!"

Hapo ndipo kazi inapoanza. Wa miaka minne anataka katuni. Wa kumi na minne anaona katuni ni mambo ya kitoto. Mimi nimeshika rimoti kama refa aliyesahau filimbi nyumbani. Nimeshawahi kuweka filamu nusu yao wakalala, na nyingine ikamliza mmoja mpaka maghrib. Kwa hiyo safari hii nimechukua tano ninazozijua vizuri, zote hadithi zake zinatokea Afrika, nikazipima kwa mizani ileile. Sikuchagua za Afrika kwa uzalendo. Ni uvivu: mtoto anayeona ndoo ya maji kichwani, uji wa kikombe na ada ya shule haulizi maswali mengi, na mimi napata kukaa.

Ninapima nini

La kwanza ni lugha, na hapo siulizi tu kama filamu ni ya Kiingereza au Kiswahili. Nauliza nani atatafsiri. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, yale mabanda ya video ya mtaani, tulizoea mtu kuongea juu ya picha: jamaa wa Hong Kong anarusha teke, sauti ya Mswahili inasema "leo utanitambua". Wakenya wana DJ Afro, anayesimulia sinema za nje kwa Kiswahili. Nyumbani DJ ni wewe, na kutafsiri saa mbili mfululizo huku unachambua mchele si mchezo.

La pili ni urefu. Wa miaka mitano anakaa saa moja na kidogo, baada ya hapo anaanza kurusha mito. Ongeza na umeme, ambao una ratiba yake.

La tatu naliita pazito. Kila filamu nzuri ya watoto ina mahali inapobana kifua, na ni vizuri ukajua pako wapi kabla hujabonyeza. Usitegemee herufi za madaraja peke yake. Kenya bodi yao, KFCB, ina GE kwa watu wote, PG kwa mtoto kuangalia na mzazi, kisha 16 na 18. Marekani wana G na PG zao. Zinasaidia, lakini zinaangalia zaidi damu, matusi na mapenzi. Haziwezi kujua kwamba mmoja wa waliokaa kwenye mkeka wako alifiwa na baba yake mwezi wa nane.

La nne ni kinachobaki: kesho yake asubuhi wanacheza nini, wanauliza nini. Kisha naangalia inamfaa nani.

The Lion King (1994)

*Lugha.* Kiingereza, lakini majina ni yetu, na hapo ndipo vicheko vinapoanzia. Simba anaitwa Simba, sawa na kumwita mwanao Mtu. Nyani mzee anaitwa Rafiki. Ngiri anaitwa Pumbaa, na kweli kapumbaa. Fisi jike alipoitwa Shenzi, binti wa Tanga alijiziba mdomo, maana kwao hilo ni tusi na hakutegemea kulisikia kwenye katuni mbele ya shangazi. Jiandae pia kueleza kwamba ule mwito wa mwanzo jua linapochomoza si Kiswahili bali ni Kizulu, sauti ya Lebo M wa Afrika Kusini. Na "hakuna matata"? Huku kwetu tunasema "hamna shida". Hiyo nyingine ni ya mapokezi ya hoteli za watalii. Wadogo waliimba hivyohivyo wiki nzima.

Kutafsiri ni kwepesi. Picha na nyimbo zinasema zenyewe, unaweza kuingia jikoni ukarudi na hujapitwa na kitu.

*Urefu.* Dakika 88. Kipimo kizuri.

*Pazito.* Marekani waliipa G, yaani kila mtu aangalie. Na humo ndani kundi la nyumbu linafumuka bondeni, Mufasa, baba yake Simba, anakufa, na mtoto anajipenyeza chini ya mkono wa maiti. Wetu wa miaka minne alinyamaza, halafu akauliza, "Baba yake ataamka saa ngapi?" Hakuna aliyemjibu. Wakubwa wote walijifanya wanaangalia bisi.

Ila kilichonisumbua mimi ni kinachofuata. Baba mdogo, Scar, anamwambia mtoto kwamba kifo kile ni kosa lake, na mtoto anaamini, anakimbia, anakua na mzigo huo. Mtoto aliyefiwa mara nyingi huwa na swali hilohilo kimoyomoyo: je, ni mimi? Kwa hiyo filamu hii isiwekwe halafu mtu mzima akaenda sokoni. Kaa mpaka Simba aujue ukweli, maana jibu limo, ila liko mwishoni, na mtoto aliyechukuliwa katikati ya filamu kwenda kuoga anabaki na lile la Scar.

*Kinachobaki.* Mtoto wa paka wa jirani aliinuliwa juu ya tofali mbele ya umma, mara sita, mpaka mama yake akaja kumchukua.

*Inamfaa nani.* Kundi la mchanganyiko kuanzia miaka sita hivi, na nyumba ambayo mtafsiri ana kazi nyingine. Ukimwagiza mtu akutafutie, mtajie mwaka, kwa sababu iko pia ya 2019 ambayo ni hadithi ileile kwa dakika 118. Wanyama wa ile wametengenezwa kwa kompyuta wafanane na wa Serengeti, na wamefanana kweli, kiasi kwamba sura ya simba haioneshi kama analia au anapiga mwayo. Wakubwa wanaoshangaa teknolojia wataipenda. Kwa wadogo fisi anayefanana na fisi ni jambo jingine kabisa, hasa usiku.

Kirikou et la Sorcière (1998)

*Lugha.* Kifaransa, na iko yenye sauti za Kiingereza. Kwa ndugu zetu wa Bujumbura na Lubumbashi, ambao watoto wao wanakutana na Kifaransa darasani, hakuna tatizo. Kwetu ni lazima mtu atafsiri, ila sentensi ni fupi kama za hadithi ya bibi. Nilitafsiri nikiwa nasuka kichwa cha mtu na sikukwama.

*Urefu.* Haifiki saa moja na robo. Kati ya hizi tano, hii na ile ya mwisho ndizo fupi kuliko zote.

*Pazito.* Hadithi ni ya kitoto kichanga kinachosema kikiwa tumboni, kikajizaa chenyewe, kikaanza kukimbia. Kijiji chao cha Afrika Magharibi kimekaukiwa chemchemi, na inasemekana mchawi Karaba amewala wanaume wote. Karaba anatisha, ana sauti kali na watumishi wasio na sura ya binadamu. Kuna mahali wanakijiji wanamlilia Kirikou wakidhani amekufa, lakini baada ya muda mfupi anainuka. Hofu ya filamu hii ni ya kujificha nyuma ya mgongo wa dada na kuchungulia. Watoto wengi wanaipenda hofu ya namna hiyo.

Kinachohitaji mazungumzo ni nguo. Mchoraji na mwongozaji wake, Michel Ocelot, aliishi Guinea utotoni, na amewachora kina mama vifua wazi na watoto uchi. Siku ile baba mkwe alikuwa sebuleni. Hakusema neno, aliinua gazeti kidogo tu. Watoto walicheka dakika tano, wakasahau. Najua nyumba ambazo jambo hili halipiti, na sidhani wamekosea. Kila nyumba ina mlango wake. Afadhali ujue sasa kuliko kujua mbele ya ustadhi au mchungaji aliyekuja kusalimia.

*Kinachobaki.* Swali. Wakubwa wote kijijini wanamwogopa Karaba, Kirikou peke yake anauliza: kwa nini ni mbaya? Anauliza mpaka anapata jibu, na jibu linahusu mwiba uliochomekwa mgongoni na maumivu ambayo hakuna aliyeyaona. Mdogo anaelewa mwiba. Wa kumi na minne anaelewa zaidi ya mwiba, na hakusema kitu. Kesho yake nyumba nzima ilikuwa "kwa nini" tupu: kwa nini jirani wa nyumba ya pili ni mkali, kwa nini mwalimu wa hesabu hacheki. Muziki ni wa Youssou N'Dour, na wimbo wa Kirikou unashika kichwani hata kwa mtu asiyejua neno moja la Kifaransa.

*Inamfaa nani.* Miaka minne mpaka tisa, na mtu mzima yeyote anayependa hadithi. Wa kumi na kuendelea huwa wanajifanya hawaangalii.

Queen of Katwe (2016)

*Lugha.* Kiingereza chenye lafudhi ya Uganda, na Kiganda kidogo. Hili limenishangaza: wa darasa la sita ambaye haambulii kitu kwenye filamu za Wamarekani, hapa alishika karibu nusu bila msaada. Maneno yanatamkwa kama mwalimu wake anavyoyatamka. Lakini maongezi ni mengi, na ukiwa na wadogo utaongea mpaka koo likauke.

*Urefu.* Dakika 124. Hapa ndipo filamu inapopoteza watoto, na si kosa lake. Mimi huikata mara mbili. Leo tunaishia pale watoto wa Katwe wanapokwenda kushindana na wa shule ya King's College Budo, mahali ambapo wamepewa vitanda vizuri na wao wakalala sakafuni. Kesho tunaendelea.

*Pazito.* Ni hadithi ya kweli ya Phiona Mutesi, binti anayeuza mahindi mtaani Katwe, Kampala, ambaye anakutana na mwalimu Robert Katende akifundisha watoto sataranji, yaani chess. Wengine walikuja kwa ajili ya uji. Mwongozaji ni Mira Nair, na mama wa Phiona anaigizwa na Lupita Nyong'o. Kaka wa Phiona anagongwa na pikipiki. Familia inatolewa nyumbani kwa kukosa kodi. Mafuriko yanaingia ndani usiku. Dada mkubwa anaondoka na mwanaume mwenye pikipiki na pesa.

Hakuna kinachooneshwa vibaya. Ila haya ni mambo ya jirani. Mtoto wa bonde la Jangwani, Dar es Salaam, anajua maji yakiingia ndani yanakuwaje, hahitaji kueleweshwa, na huenda asitake kukumbushwa. Kwa wasichana waliovunja ungo, ile ya dada mkubwa ndiyo sehemu ya thamani kuliko zote. Binti wa miaka kumi na minne aliweka simu chini, na usiku tukiosha vyombo aliniuliza kama yule dada alikuwa mjinga. Tulifika mbali na maongezi yale, mbali kuliko ningefika kwa kumwita na kumkalisha.

Phiona hashindi kila mara. Anakwenda Urusi kwenye Olimpiadi ya sataranji, anapigwa, analia. Mmoja wa watoto wa kaka yangu alikasirika: "Sasa wamemwonesha wa nini akifungwa?"

*Kinachobaki.* Boksi la sabuni lilikatwa, likachorwa miraba 64. Drafti wanaijua siku nyingi, wanacheza na vizibo vya soda, lakini sataranji ina kete za aina sita, kwa hiyo waliandika herufi juu ya vizibo kwa kalamu ya wino mzito. Kitu walichokipenda ni kwamba kete ndogo kabisa ikifika upande wa pili inageuka malkia. Na filamu ikiisha usizime. Waigizaji wanasimama mmojammoja pembeni ya mtu wa kweli waliyemwigiza, na watoto wanataka kuona wamefanana au la.

*Inamfaa nani.* Miaka tisa na kuendelea. Wasichana wa sekondari hasa, na yeyote aliyeambiwa kwamba hesabu si za kwao.

The Boy Who Harnessed the Wind (2019)

*Lugha.* Kiingereza na Kichewa cha Malawi, na Kichewa kinapita na maandishi chini ya kioo. Asiyesoma haraka anaachwa. Hata hivyo Kichewa ni binamu yetu: filamu imegawanywa kwa sura, na ya njaa inaitwa Njala, ya upepo inaitwa Mphepo. Watoto wakaanza kushindana nani atadaka neno kabla maandishi hayajatokea, jambo ambalo filamu nyingine zote nne hazikunipa.

*Urefu.* Dakika 113, na mwendo wake ni wa taratibu, kama kiangazi chenyewe.

*Pazito.* Pote. Hii ndiyo nzito kuliko zote tano, naomba nisiipambe. William Kamkwamba alikuwa kijana wa eneo la Wimbe, Malawi, wakati wa njaa ya 2001 na 2002. Anafukuzwa shule kwa ada. Chakula kinakuwa mlo mmoja. Watu wanaiba nafaka. Chifu anapigwa. Mbwa wake, Khamba, anakufa, na hapo ndipo waliovumilia mengine yote wanapolia. Mwanzoni kuna msiba, na wachezaji wa Gule Wamkulu, ngoma ya jadi ya Wachewa, wanatokea na vinyago vyao; mdogo akikaa karibu na kioo atashtuka.

Mzazi naye anabanwa, kwa sababu ugomvi mkubwa ni wa baba na mwana juu ya baiskeli. Kijana anaitaka ili aivunje atengeneze kinu cha upepo. Kwa baba ndiyo mali iliyobaki. Baba anaigizwa na Chiwetel Ejiofor, ambaye pia ndiye aliyeiongoza filamu, na ukimwangalia usoni huwezi kumchukia. William ameigizwa na Maxwell Simba wa Kenya. Simba tena, ndiyo. Hawakuniacha.

*Kinachobaki.* Feni yangu mbovu ilifunguliwa kabla sijanywa chai. Nililazimika kueleza dainamo ya baiskeli ni nini, kitu ambacho sisi tulikiona kila siku na wao hawajawahi kukigusa: gurudumu linazunguka, ndani sumaku inazunguka karibu na nyaya, taa inawaka. Hawakuwasha taa yoyote, lakini siku tatu hakuna aliyeomba simu.

*Inamfaa nani.* Miaka kumi na moja na kuendelea, hasa wale wa mikono, wanaofungua redio kuangalia ndani. Iko Netflix, kwa hiyo hesabu bando. Sitaiweka nyumba yenye deni la ada ya Januari ambalo watoto wanalijua. Wapo watakaosema ndiyo hasa nyumba ya kuiweka, na huenda wanawajua watoto wao vizuri kuliko mimi.

Supa Modo (2018)

*Lugha.* Hapa DJ anapumzika. Ni ya Kenya, imeongozwa na Likarion Wainaina, na watu wanazungumza Kiswahili kilichochanganyika na Kiingereza na Kikikuyu, kama watu wanavyozungumza. Wangu walicheka baadhi ya maneno ya Kikenya, kisha wakaanza kuyatumia.

*Urefu.* Dakika 74.

*Pazito.* Jo ana miaka tisa, anapenda sinema za mashujaa, na anaumwa ugonjwa usiopona. Mama yake anamtoa hospitali amlete nyumbani. Dada yake haoni sababu ya mtoto kufungiwa ndani akisubiri, kwa hiyo anamwaminisha kwamba ana nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinaingia kwenye mchezo huo. Filamu inachekesha kweli, na haidanganyi. Usikae ukisubiri dawa ya muujiza.

Niliiangalia peke yangu kwanza, usiku, na nakushauri ufanye vivyo hivyo. Ni tofauti na ile ya simba: kule kifo kinaruka kutoka bondeni, hapa kinakaa nawe mezani tangu mwanzo, mnakizoea, na mtoto anapata nafasi ya kuuliza kabla. Wa kwangu wa miaka minane aliuliza kama Jo anajua. Nikamwambia unaonaje. Akasema anajua, ila anawaonea huruma mama yake na dada yake.

*Kinachobaki.* Walitengeneza sinema yao. Kanga yangu ikawa joho, simu yangu ikawa kamera, na muuza mkaa wa kona alikubali kuwa jambazi kwa sharti asipigwe kweli. Supa Modo yenyewe ilipokelewa Berlin, kwenye tamasha la filamu la 2018, na Kenya iliipeleka kuwania Oscar. Kwenye mkeka wangu hakuna aliyejali hayo. Walijali kwamba shujaa ana nywele kama zao na anaongea kama wao.

*Inamfaa nani.* Miaka minane na kuendelea, mtu mzima akiwepo. Na watu wa nje: ndugu zetu wa Muscat, London na Minneapolis ambao watoto wao wanaelewa Kiswahili lakini wanajibu Kiingereza. Kwa hao ningeanza na hii kabla ya nyingine yoyote hapa.

Sasa, kwa hali yako

Ukiwa na kundi kama langu, minne mpaka kumi na minne, acha kutafuta filamu moja itakayowatosha wote. Mchana weka Kirikou kwa wote, au simba wa 1994 wewe ukikaa na wa chini ya miaka sita; wakubwa wakinung'unika wape kazi ya kutafsiri. Kijana aliyepewa kazi ya DJ huwa hanuni tena. Wadogo wakilala, washa Queen of Katwe au ile ya upepo.

Kama yuko aliyefiwa karibuni, simba asubiri likizo ijayo, hasa kwa sababu ya lile neno la Scar. Kirikou ni salama zaidi. Kama nyumbani kuna mtoto mgonjwa, au ndugu wa mgonjwa, Supa Modo inaweza kuwa kitu ambacho walikuwa hawajapata namna ya kukisema, na inaweza kuwa kisu. Iangalie wewe kwanza, kisha amua ukiwa na mama wa mtoto.

Una binti anayeanza kidato cha kwanza Januari: Queen of Katwe, kwa vipande viwili, na vyombo vya kuosha baadaye. Una kijana aliyechoka na shule lakini hachoki kufungua vitu: ile ya upepo, na ficha feni nzima.

Wageni wako wamefika na babu yupo sebuleni: simba. Unataka kupika kwa utulivu: simba, lakini toka jikoni kwenye nyumbu. Unataka watoto wasikie Kiswahili bila wewe kufungua mdomo: Supa Modo peke yake.

Na kama wingu limetanda na unajua kabisa umeme hautafika jioni, weka Kirikou. Ukikatika katikati, watoto wasogee karibu, washa mshumaa, uimalizie kwa mdomo. Zile nyingine nne nilijaribu, wakaniambia nakosea.